Alama ya Mele Ehmed

29 Mei
Tumefika malishoni jana jioni, mvua ikitupiga mgongoni kama wezi waliokamatwa. Hema limesimama, ila upande mmoja umelala. Wifi yangu Sosin anasema upande uliolala ni ule nilioufunga mimi. Kweli ni ule, lakini sikumpa raha ya kunisikia nikikubali.

Daftari hili ni la binti yangu Shilan. Aliandika kurasa nne za Kituruki shuleni, akachora farasi, akachoka. Mimi nimeligeuza, naanzia nyuma, kulia kwenda kushoto, kwa herufi za Qurani na kwa Kikurdi chetu, kama baba alivyotufundisha mimi na dada yangu Bese. Baba alikuwa maalimu wa msikiti, watu wakimwita Mele Ehmed. Hakujaliwa mtoto wa kiume, kwa hiyo elimu yake yote alitumwagia sisi, na kijiji kizima kikasema anawaharibu wasichana. Kama nikiandika kila siku, kabla ya kushuka nitakuwa nimekutana na farasi wa Shilan.

1 Juni
Mvua. Mtindi umegoma kuganda.

3 Juni
Leo ni siku ya kukata masikio ya wanakondoo. Kila nyumba ya kabila letu la Belekan ina alama yake, na alama ikishakatwa haifutiki tena. Mume wangu Temo anashika kisu, mimi nashika wanakondoo katikati ya magoti. Alama yake ni pengo la pembe nne kwenye sikio la kushoto. Amekata mia moja na kumi na wawili bila kunyanyua kichwa. Mimi nilikuwa nikipaka majivu na samli, huku mikono yangu ikinuka damu na maziwa.

Kila mwaka siku hii nakuwa mkali na hakuna anayejua kwa nini. Sosin anasema ni umri. Acha niandike sababu, maana hapa hakuna anayejua kusoma herufi hizi isipokuwa mimi na Mungu.

Alama ya baba ilikuwa sikio la kulia, limepasuliwa nchani, na chini ya mpasuko kuna pengo dogo la ukubwa wa ukucha. Tulipoolewa, baba alitupa kila mmoja kondoo jike kumi, wale wake wenye nyuso nyekundu. Bese aliolewa ng'ambo ya mlima, upande wa Iraki, kwa watu wetu wenyewe wa Belekan. Siku hizo mpaka wa nchi ulikuwa neno la maofisa tu. Bibi harusi alivuka na ngoma na zumari, mbwa wakifuata nyuma. Tulipoagana alinishika masikio yangu yote mawili, kama kondoo, akaniambia, "Hezal, baba hana mtoto wa kiume. Mimi nitakata kwangu, wewe ukate kwako. Alama isife." Nikaapa kwa Mungu.

Masika yangu ya kwanza kwa Temo, yeye alichukua kisu, mimi nikashika wanakondoo. Sikusema kitu. Nilikuwa na miaka kumi na minane na nilitaka wakwe wanipende. Kondoo kumi wa baba walizeeka wakafa, na alama ikafa mikononi mwangu. Sura nyekundu zipo bado zizini, lakini masikio yote ni ya Temo.

Bese sijamwona kwa miaka ishirini na mbili. Vijiji vya upande wao vilichomwa majira ya baridi, miaka minne iliyopita, watu wakatawanyika, na tangu siku hiyo sijapata habari yake, si nzuri si mbaya. Natamani kumwona, hata kwa ugomvi.

9 Juni
Sosin kaunguza maziwa. Nimemwambia pole, wifi yangu. Nimelala vizuri.

14 Juni
Chai inapoa, lakini nitaandika kwanza.

Adhuhuri tulikuwa tukikama. Mchungaji wetu Mirza huwashika kondoo mmoja mmoja vichwa na kutuletea, sisi wanawake tunakama kwa nyuma. Kondoo wa arobaini na ngapi sijui alikuja na kiwele kilichojaa kama ngoma, akinuna. Nikamwambia Mirza, "Huyu mbona hajakamwa asubuhi?"

"Asubuhi hakuwepo, shemeji. Kaingia kundini kutoka juu huko kwenye theluji. Mgeni."

"Mgeni wa nani?"

"Angalia sikio. Mimi hiyo alama siijui."

Mimi niliijua. Sikio la kulia, mpasuko nchani, pengo la ukucha. Uso mwekundu. Niliachia ndoo, maziwa yote yakamwagika, na Sosin akapiga kelele kana kwamba nimemwaga damu yake. Nilimfungua kondoo kinywa.

Tunasoma miaka ya kondoo kwenye meno. Huyu ana meno mapana manne. Maana yake ana miaka miwili, amezaliwa masika ya mwaka juzi. Na vijiji vimechomwa miaka minne iliyopita. Nilihesabu mara tatu kwa vidole, vidole vyenyewe vikiwa ndani ya kinywa cha kondoo. Baada ya moto, baada ya kukimbia, mtu fulani ameshika kisu upande ule na kukata alama ya baba.

Hakuna mtu duniani angefanya hivyo ila dada yangu.

Nilikaa chini kwenye samadi nikalia. Mirza akauliza, "Shemeji, amekuuma?"

15 Juni
Kondoo mgeni ana heshima zake kwetu. Maziwa yake hayachanganywi na ya wengine. Hukamwa kando, jibini yake hutengenezwa kando, na mwenyewe akija huchukua kondoo na jibini pamoja. Nimemtafutia mtungi mdogo. Nimetia majani ya kitunguu-mwitu kwa wingi, jinsi Bese anavyopenda, mpaka Sosin akasema jibini hiyo itanuka hadi Baghdadi. Nimemjibu, "Na inuke, wifi. Ndiko inakokwenda."

18 Juni
Nimempa kondoo chumvi kutoka kiganjani. Temo ameona. "Mgeni anakula vizuri kuliko mwenye nyumba," kasema. Basi na wewe njoo ulambe, nikamwambia. Akacheka. Si mtu mbaya Temo, ni mtu wa sikio la kushoto tu.

22 Juni
Mirza hukutana na wachungaji wa upande wa pili kwenye theluji ya juu, kondoo wao na wetu wakinywa maji ya chemchemi moja. Wanajeshi wa kituo cha kileleni wanamjua. Kila siku wanamuuliza wewe ni wa nchi gani, na yeye huwajibu kuwa kabla ya chai ya asubuhi ameshakuwa wa nchi mbili, wamwache anywe kwanza. Nilimwita kando.

"Mirza, huyu kondoo utamrudisha wewe mwenyewe."

"Nimrudishe kwa nani?"

"Kwa yeyote atakayeshtuka akimwona. Na umpe na mkanda huu."

Nilikuwa nimeandika barua usiku uliopita. Nimeishona ndani ya mkanda wa kengele, kwenye kitambaa cha gauni langu. Niliandika: Bese, kama ni wewe, mimi ni mzima. Nina watoto watatu. Mama alifariki akikutaja. Kisha niliandika neno ambalo leo linanichoma. Niliandika: Nami pia ninakata alama ya baba, kama tulivyoapa.

Kwa nini niliandika vile? Mkono ulikwenda wenyewe. Miaka ishirini na mbili simwoni dada yangu, na neno langu la kwanza kwake ni uongo.

Kondoo ameondoka na mtungi wake wa jibini begani kwa Mirza. Alinigeukia mara moja. Pengine alitaka chumvi.

27 Juni
Hakuna.

30 Juni
Hakuna. Ukungu mpaka adhuhuri.

4 Julai
Helikopta imepita chini sana, kondoo wametawanyika, wawili wamevunjika miguu. Temo amewachinja. Nyama tumeila jioni.

8 Julai
Watu waliopanda kutoka mjini wanasema mwakani malisho haya yatafungwa. Wanasema hivyo kila mwaka, lakini mwaka huu wanasema wakiwa wameinamisha macho. Temo amesema, "Wakifunga, tutauza kondoo." Hakuna aliyemeza mkate baada ya hapo.

Sosin akaweka mkate chini. Alianza kuhesabu kwa vidole jamaa wa Belekan walipo: wa hapa Uturuki, wa Iraki, wa Irani pembeni ya Urmiya, wale waliohamishwa zama za babu mpaka nyanda za Konya, na mmoja, mtoto wa shangazi yake, yuko Syria anauza viatu. "Ukoo mmoja, nchi nne," akasema, "na kila nchi inatuambia sisi ni wa kwa jirani." Nilitaka kumcheka kama kawaida yangu. Nikajikuta nimemmiminia chai.

Watu wa mjini wenye maneno mengi husema milima haikutani, binadamu hukutana. Hao hawajafika kwetu. Hapa milima imekutana vizuri sana, imeshikana mabega tangu Nuhu. Binadamu ndio hawakutani.

13 Julai
Hakuna.

19 Julai
Barua!

Mirza alikuja nayo ndani ya kilemba. Kabla hajanipa alitaka siagi na mkate, akala taratibu, huku mimi nikimtazama kila tonge. "Mirza, nitakuua." "Ukiniua, nani atakusimulia alivyoshtuka?" Nikamwacha amalize.

Aliyeshtuka ni msichana wa miaka kama ishirini, kasema, mrefu, mwenye sauti ya kuitia mbuzi. Alipomwona kondoo alimshika sikio, kisha akashika mkanda, akapapasa mshono na kuufungua kwa meno. Alisoma amesimama. Kisha akakaa.

Mwandiko ni wa baba. Ninavyosema wa baba, nina maana ile herufi ya kafu yenye mkia mrefu aliyoipenda, ambayo alitufundisha sisi wawili tu. Na Bese amemfundisha binti yake. Anaandika hivi:

"Mama mdogo Hezal, mimi ni Rewshen, mtoto wa Bese. Mama yu hai. Tulipokimbia tulivuka theluji mpaka Irani, vidole vya miguu yake vikakatwa vyote, hawezi kupanda mlima. Yuko kwa watu wetu karibu na Urmiya. Mimi na mume wangu tumerudi hapa na kondoo kumi na saba, na ninakata kama alivyonifundisha. Barua yako nimeituma kwake kwa mtu wa safari. Nikipata jibu nitakuletea. Jibini imekwisha siku ile ile."

Yu hai. Nimeandika neno hilo mara nne pembeni ya ukurasa. Yu hai, yu hai, yu hai, yu hai.

Nimewaza miguu yake. Bese ndiye aliyekuwa akikimbia mbele yangu.

20 Julai
Nimemsaidia Sosin kusukasuka kiriba cha siagi asubuhi nzima bila kuombwa. Amenigusa paji la uso kuona kama nina homa.

2 Agosti
Tumekata manyoya. Mgongo si wangu tena.

11 Agosti
Jibu limekuja. Ni fupi. Rewshen ameliandika kama mtu wa safari alivyolileta kwa mdomo kutoka kwa mama yake, maana mikono ya Bese nayo imepoteza nguvu.

"Hezal, macho yangu. Nimesikia unakata alama ya baba. Mungu akupe heri. Mimi hapa sina hata mkia wa kondoo. Ninakaa kwenye nyumba ya watu, ninatazama ukuta. Sitaki zawadi nyingine. Nitumie mwanakondoo jike mmoja kutoka kwenye mkono wako, mwenye alama ya baba, uso mwekundu. Rewshen atanifikishia. Nataka niamke asubuhi nishike sikio lake."

Nimesoma mara moja tu. Kuna wanakondoo mia moja na tisa nje ya hema hili, na hakuna hata mmoja ninayeweza kumtuma.

12 Agosti
Ni kweli njia ya mwongo ni fupi. Yangu imepita milima miwili na nchi tatu, na bado imenifikia.

Sikio likikatwa mwezi wa tatu wa maisha ya mwanakondoo, linapona laini kama mshono mzuri. Likikatwa sasa, linaacha ukingo mnene na linaita nzi. Mtu yeyote wa Belekan akiligusa atajua limekatwa lini. Bese ataligusa kila asubuhi. Na sikio la kushoto litakuwa na pengo la Temo, haliondoki. Uongo wangu utakwenda kwake kwa miguu minne.

Nifanye nini? Niseme wamekufa wote kwa tauni? Huo utakuwa uongo wa pili, na wa kwanza bado haujapona.

15 Agosti
Nimemwambia Temo. Yote, kuanzia kiapo. Tulikuwa tukinywa chai, yeye na kipande cha sukari shavuni.

"Unataka nini sasa?" akauliza.

"Mwanakondoo mmoja. Na kisu."

"Kisu cha masikio?"

"Ndicho."

Akatema sukari. "Mama Shilan, unajua unachoniomba? Alama ya baba mkwe kwenye zizi langu! Wanaume watakaa pale chemchemini watasema Temo kaolewa. Kahamia kwa mkewe."

"Na waseme. Walisema baba anatuharibu, tukaharibika vizuri tu."

"Mpe kondoo kumi. Mpe wenye alama yangu. Nani kamnyima dada yako?"

"Hakuomba kondoo, Temo. Ameomba baba yake."

Akatoka nje. Sosin, aliyekuwa akisikiliza nyuma ya pazia kama kawaida yake, akaniambia, "Ungemwomba miaka ishirini na mbili iliyopita." Nilitaka kumjibu kwa ukali. Lakini alisema kwa upole, na alisema kweli.

16 Agosti
Temo hasemi nami.

17 Agosti
Hasemi. Mvua ya mawe.

19 Agosti
Hasemi na mimi, wala na Sosin, ambaye anasema hii ndiyo wiki bora ya maisha yake.

21 Agosti
Leo asubuhi nimemkuta zizini, amemshika mwanakondoo mwekundu magotini. Ndiye mzuri kuliko wote, kitukuu wa kondoo wa baba. Kisu kiko kwenye jiwe. Hakunitazama.

"La kushoto ni langu," kasema, "na limeshakatwa. La kulia fanya unavyotaka. Mimi nitashika."

Temo alishika. Kwa miaka yote hii mimi ndiye niliyekuwa nikishika. Mikono yangu haikujua uzito wa kisu, nikapasua, nikakata pengo la ukucha, na mwanakondoo akalia kwa sauti ya mtu. Damu ilikuwa nyingi kuliko ya wadogo. Nikapaka majivu na samli. Temo alisubiri mpaka nimalize, kisha akasema, "Umelipinda kidogo." Kweli limepinda. Baba naye alikuwa akilipinda.

24 Agosti
Sikio limevimba. Ninafukuza nzi kutwa.

Nimeandika barua ya kuungama, kurasa tatu. Nimemwambia kila kitu: wakwe, woga wangu, kondoo kumi waliokufa, barua yangu ya uongo. Nimemwambia, Bese, nililikata sikio hili wiki hii kwa kuwa uliomba, na kabla ya hapo sikukata hata moja.

28 Agosti
Mirza amepanga kila kitu. Wanawake wa pande zote mbili hupanda kuchuma majani ya mwisho kwenye jiwe la mpaka, wanajeshi huwa hawasemi kitu kwa wanawake wenye vikapu. Nimempandisha mlima mwanakondoo kwa kamba, Sosin akibeba vikapu viwili na kulalamika njia nzima kuhusu magoti yake. Hakuna aliyemwomba aje.

Nilimwona kabla hajaniona. Amesimama upande wa pili wa jiwe, mrefu, mikono kiunoni, kama Bese alivyokuwa akisimama nikichelewa darasani kwa baba. Moyo wangu ulikimbia mbele, miguu ikabaki. Yeye ndiye aliyevuka. Hatua tatu tu. Alinikumbatia, na kitambaa chake cha kichwa kilinuka moshi wa samadi na kitunguu-mwitu, nikalia kwenye shingo ya mtoto ambaye sikumwona akizaliwa.

"Mama mdogo, usilie, wanajeshi watadhani tumegombana."

Muda haukuwa mwingi. Nilimpa kamba. Akapiga goti, akamshika mwanakondoo kidevu. Akainua sikio la kushoto, akaona pengo la Temo. Akaliacha. Akainua la kulia. Gamba la damu lilikuwa bado jeusi, ukingo umevimba, na nzi mmoja aliondoka. Niliingiza mkono kifuani kutafuta barua yangu. Nilianza, "Rewshen, mwanangu, nataka kukwambia..."

"Usiseme, mama mdogo." Alikuwa akitabasamu, na machozi yanamtoka. "Mama aliniagiza neno la kusema pembeni, lisiandikwe. Alisema: Hezal hajawahi kukata hata moja, namjua. Atalikata kwa sababu nimemwomba. Sikio litakuwa bichi. Mpokee hivyo hivyo, wala usimuulize."

Sosin akageuka akaanza kuchuma majani kwa nguvu, mahali pasipo na majani.

Barua nilimpa hata hivyo. Niliwatazama wakishuka upande ule, yeye na mwanakondoo, mpaka nisiweze kutofautisha yupi ni yupi.

13 Septemba
Tunashuka kesho. Hema limekunjwa, ubao wa mkate umefungwa. Watu hawazungumzi habari ya mwakani. Imebaki karatasi moja tupu kati yangu na farasi wa Shilan, nitaiacha hivyo.

Nilipokuwa nikifunga mizigo yangu nimekuta kitu kigumu katikati ya nguo. Ni kisu cha masikio. Temo alikuwa nje akivuta kamba za nyumbu, akijifanya ana kazi nyingi.